Mchungaji mzee wa Laius alijua nini, na alijua lini?

Kijana mmoja wa Malindi ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Kikundi chetu kinafanya mazoezi ya tamthilia ya Sophocles kuhusu Mfalme Oedipus, nami nimepewa yule mchungaji mzee anayeletwa karibu na mwisho. Ana maneno machache, tena mengi ni ya kukwepa. Mwongozaji wetu ananiambia nitetemeke na kulia, basi. Wenzangu wanasema nimepewa makombo. Je, mzee huyu ana kina chochote, au yupo ili mfalme apate jibu tu? Na kwa nini alidanganya kwamba Laius aliuawa na majambazi wengi?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa maneno ya wenzako. Hukupewa makombo. Umepewa mtu pekee katika tamthilia nzima aliyeona mwanzo na mwisho kwa macho yake: alikuwepo mtoto alipotolewa nyumbani akatupwe, na alikuwepo baba wa mtoto huyo alipouawa njiani. Jocasta, mama wa mtoto, alikuwepo mara ya kwanza tu. Oedipus mwenyewe alikuwepo mara zote mbili, lakini mara ya kwanza alikuwa hajatimiza siku tatu duniani, na mara ya pili hakujua anampiga nani. Mchungaji aliona, akakumbuka, akanyamaza. Ukimwigiza kwa kutetemeka peke yake utakuwa umeigiza homa, si mtu.

Kwa wasomaji wengine wasioijua tamthilia hii ya Kigiriki ya karne ya 5 KK, kisa ni hiki. Laius, mfalme wa Thebes, aliaguliwa kwamba atauawa na mwanawe. Alipozaliwa mtoto wa kiume, vifundo vya miguu yake vikafungwa pamoja, akatolewa akatupwe mlimani. Mtumwa aliyekabidhiwa kazi hiyo akamhurumia, akampa mchungaji mwenzake wa Corinth, naye akampeleka kwa mfalme wa huko ambaye hakuwa na mtoto. Akaitwa Oedipus, mwenye miguu iliyovimba. Alipokua akaaguliwa kwamba atamwua baba yake na kumwoa mama yake, akawakimbia wale aliodhani ndio wazazi. Penye njia panda akagombana na mzee aliyepanda gari la farasi, akamwua yeye na watu wake. Akafika Thebes, akategua kitendawili cha Sphinx, zimwi lililoutesa mji, akapewa ufalme pamoja na Jocasta, mjane wa mfalme. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, kisha tauni ikaingia mjini. Mchezo unaanzia hapo, Oedipus akimsaka mwuaji wa Laius bila kujua anajisaka mwenyewe.

Sisi wa huku Lamu tumelelewa na hadithi ya Fumo Liyongo, kwa hiyo si lazima tufundishwe uzito wa mtu anayepita mara moja. Liyongo asingetoka kifungoni lau si kijakazi aliyeupeleka ujumbe wake kwa mama na kurudi na mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake. Walinzi waliudharau ule mkate. Walimdharau na aliyeubeba. Hadithi nzima imepitia mikononi mwake.

Sasa mtazame mzee wako kabla hajaingia jukwaani, maana nusu ya uhai wake imo katika vinywa vya wengine. Wa kwanza kumtaja ni Creon, shemeji wa mfalme. Anasema katika msafara wa Laius alinusurika mmoja tu, akakimbia kwa hofu, na hakuwa na la uhakika la kusimulia isipokuwa moja: walivamiwa na majambazi, tena wengi. Baadaye Jocasta anaongeza kwamba msafara ulikuwa wa watu watano, mmoja wao mpiga mbiu, na gari lilikuwa moja. Halafu analeta jambo ambalo ningekuomba ulisome mara kumi. Mtumwa huyo, alipoona Oedipus ameshika ufalme na Laius hayupo tena, alimgusa malkia mkono akamsihi ampeleke mashambani, kwenye malisho, mahali ambapo hataweza hata kuuona mji. Jocasta akamkubalia. Alikuwa mtumwa mwema, anasema, alistahili fadhila kubwa kuliko hiyo.

Jocasta hakumwuliza sababu. Wewe unapaswa kuijua. Tamthilia haisemi wazi kwamba mzee alimtambua Oedipus kuwa ndiye mtu wa njia panda, lakini sioni njia nyingine ya kulielewa ombi lile. Mtu wa nyumbani, anayeaminiwa na bibi wa nyumba, anaomba kuishi mahali asipoweza kuliona paa la nyumba hiyo. Kuna kitu ndani yake asichotaka kukutana nacho mlangoni kila asubuhi.

Hapo nimeshaanza kukujibu kuhusu uongo. Wengi husema alidanganya ili kumlinda Oedipus. Haiwezekani. Habari ya majambazi aliileta mjini kabla Oedipus hajawa mfalme, wakati hamjui ni nani. Alidanganya kujilinda. Watu watano walitoka, wanne wamekufa, bwana wao akiwa miongoni mwao, na wewe mtumwa umerudi mzima. Utasema mliuawa na mpita njia mmoja aliyekuwa kwa miguu? Utaulizwa ulikuwa wapi wewe, na fimbo yako ilikuwa na kazi gani. "Walikuwa wengi" ni uongo wa mtu aliyekimbia. Ni mdogo, wa kibinadamu, na pengine alidhani utakwisha siku ile ile. Kisha yule mpita njia akaingia mjini akashangiliwa na kuketishwa kitini. Kuanzia siku hiyo, kuusahihisha uongo ule kungekuwa ni kumshitaki mfalme aliyewaokoa watu na Sphinx, na kukiri kwamba yeye mwenyewe alisema uongo juu ya maiti ya bwana wake. Uongo uliomlinda ukawa zizi, yeye ndani yake. Ndiyo maana akaomba malisho.

Kuna neno letu la pwani litakalokusaidia kumpata mtu huyu kuliko maelezo yangu yote. Anapoulizwa kama alikuwa mtu wa Laius, anajibu kwamba naam, alikuwa mtumwa wake, si wa kununuliwa bali aliyelelewa nyumbani. Kiswahili kina jina la mtu huyo: mzalia. Huku kwetu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu, na bado wapo wazee wanaolitamka neno hilo kwa sauti ya chini. Mzalia hakuletwa kwa jahazi. Alizaliwa uani, akacheza na watoto wa bwana, akajua siri za chumbani, akakabidhiwa yasiyokabidhiwa mgeni. Ni mtu wa karibu kabisa asiye na haki ya ukaribu. Ndiyo maana mtoto alipewa yeye. Ndiyo maana aliweza kuugusa mkono wa malkia. Na sikiliza jinsi anavyolisema: yumo mbele ya mfalme, ameletwa kwa nguvu, hajui ataulizwa nini, na bado anaona ni lazima aeleze kwamba hakununuliwa. Hicho ndicho cheo pekee alichopata duniani. Usikiseme kwa kulia. Kiseme umenyoosha mgongo.

Tuingie kwenye tukio lenyewe. Oedipus alimwita mzee huyu ili athibitishe idadi. Akisema majambazi walikuwa wengi, mfalme amepona, kwa sababu yeye alikuwa peke yake, na mmoja hawezi kuwa sawa na wengi. Kabla mzee hajafika, anatokea mjumbe kutoka Corinth na habari kwamba mfalme wa kule amefariki, na katika mazungumzo inafichuka kwamba Oedipus hakuwa mtoto wa kuzaliwa wa mfalme huyo. Mjumbe mwenyewe ndiye aliyempokea mlimani kutoka kwa mtu wa Laius, na mtu huyo ndiye huyu huyu anayesubiriwa. Kwa hiyo mzee anapoingia swali limebadilika, naye hana habari. Amekuja amejiandaa kwa njia panda. Njia nzima kutoka malishoni amekuwa akirudia moyoni, walikuwa wengi, walikuwa wengi. Halafu hakuna anayemwuliza! Mpaka mchezo unakwisha, swali la idadi halijajibiwa. Wapo hata wahakiki waliojenga hoja kwamba kwa hiyo Oedipus hakumwua Laius kamwe. Mimi siamini. Sophocles alikuwa na swali kubwa zaidi mkononi, akaliacha lile dogo lianguke. Lakini kwako wewe mwigizaji ni hazina: ingia na jibu tayari mdomoni, kisha upigwe upande usioutazamia.

Wa kumpiga ni rafiki yake. Mkorintho anamkumbusha kwa furaha jinsi walivyochunga pamoja kwenye mlima Cithaeron misimu mitatu, miezi sita kila msimu, tangu majira ya maua mpaka kuchomoza kwa nyota ya Arcturus, mmoja akiwa na makundi mawili na mwenzake kundi moja. Wahesabu nyakati kwa nyota, kama manahodha wetu wa Kusi na Kaskazi. Mzee anakubali, ingawa ni zamani sana. Bado hajaona hatari. Je, wakumbuka kunipa mtoto nimlee kama wangu? Hapo anashtuka: kuna nini, mbona wauliza hilo? Na Mkorintho, mtu aliyekuja kutafuta bakshishi na kugawa furaha, ananyoosha mkono kumwonyesha mfalme: basi ndugu yangu, huyu ndiye aliyekuwa yule kichanga.

Simama hapo. Simamisha mazoezi ikibidi.

Tangu mauaji yale mzee amekuwa na siri mbili asizojua kwamba zinahusiana. Moja ni ya mtoto aliyemhurumia, ambaye moyoni alimdhania mzima, mbali, katika nchi nyingine. Siri hiyo, nadhani, ndiyo iliyomtuliza usiku. Nyingine ni ya mwuaji anayeketi kwenye kiti cha bwana wake. Kwa kidole kimoja cha Mkorintho siri hizo mbili zinakuwa mtu mmoja. Kwa sekunde moja mzee anayajua yote: nani alimwua nani, nani analala na nani, na kwamba mlango wa yote aliufungua yeye kwa wema. Jocasta amekwisha kuelewa muda mfupi uliopita, ameingia ndani. Mpofu Teiresias alijua tangu mwanzo kwa uaguzi. Lakini kujua kama shahidi, kwa kuunganisha aliyoyaona kwa macho yake, anajua yeye peke yake, na anajua kabla ya Oedipus. Anachosema ni laana: uangamie, hutanyamaza?

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kawaida ya kusoma tamthilia barazani baada ya isha, wapenzi wachache wa fasihi na yeyote aliyependa kuketi. Mchungaji alisomwa na mzee mmoja fundi wa majahazi, mtu asiyewahi kupanda jukwaa maisha yake yote. Tulipofika mahali hapo, na msomaji wa Mkorintho alipotamka kwamba ndiye huyu, mzee yule hakuinua macho kwenye karatasi. Ila mguu wake wa kulia ulishuka taratibu kutoka barazani ukaanza kupapasa sakafuni, ukitafuta kubadhi. Ukaipata, ukaivaa, ukaanza kumtafutia mwenzake. Alikuwa anaondoka. Hakujua kwamba mwili wake unaondoka. Kisha akaisoma ile laana kwa sauti ndogo kabisa, kama anayemsihi rafiki. Sijaona tafsiri bora ya mstari ule, na sijapata tena kusikia ukisomwa kwa kelele bila kuona ni makosa.

Baada ya hapo ni mateso. Mzee anasema huyu mwenzangu hajui asemalo, anajisumbua bure. Mfalme anatisha kwamba asiposema kwa hiari atasema kwa kilio, anaamuru mikono yake isokotwe nyuma. Mzee anakubali: nilimpa, na laiti ningekufa siku ile. Na sasa linakuja swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kilele cha uhusika wako. Oedipus anamwuliza: mtoto alikuwa wako, au ulimpata kwa mtu?

Fikiri vizuri, mwanangu. Angejibu "wangu." Neno moja! Mkorintho hawezi kumpinga, kwani alichojua ni kwamba alipokea mtoto kutoka kwa mtu wa Laius. Nani alimzaa hakujua. Jocasta yuko ndani. Oedipus mwenyewe, dakika chache kabla, amekwisha kutangaza kwamba hajali hata akionekana ni mjukuu wa watumwa. Uongo umeandaliwa, umetandikwa, umengoja kulaliwa. Angesema ni wangu, mfalme angekuwa mtoto wa mtumwa: aibu kidogo, na uzima. Na huyu si mtu asiyejua kudanganya. Aliwahi kuudanganya mji mzima.

Anajibu: si wangu, nilipokea kwa mtu.

Kwa nini? Nimelifikiria swali hili muda mrefu kuliko ninavyoweza kukuhesabia. Maumivu ya mikono hayatoshi, maana uongo ule ungeyakomesha maumivu upesi kuliko ukweli. Jibu langu ni kwamba yeye ni mzalia. Katika maisha yake yote hajawahi kusema "changu" juu ya kitu chochote: si kondoo, si malisho, si mikono yake mwenyewe. Uongo wa kwanza ulikuwa juu ya wengine, majambazi ambao hawakuwepo. Uongo huu wa pili ungemtaka adai mtoto kuwa wake, na ulimi wake haujui njia ya kwenda huko. Kijana mwingine anaweza kumwigiza kwa namna nyingine, kwamba amechoka kubeba, anataka kuutua mzigo. Nayo inakubalika. Lakini chagua sababu moja, uishike, na kabla ya kujibu acha kimya. Hadhira yako haitajua ulikuwa unapima nini. Itajua kwamba ulikuwa unapima.

Linalofuata linakwenda haraka. Ni wa nyumba ya Laius. Mtumwa, au wa damu yake? Ona jinsi mfalme bado anashikilia lile tawi la utumwa. Ole wangu, anasema mzee, nimefika penye neno la kutisha kulitamka. Nami penye kulisikia, anajibu Oedipus, lakini ni lazima nilisikie. Hapa wawili hawa wako sawa, mfalme na mzalia, kila mmoja akijua kwamba mwenzake ataanguka naye.

Sasa jambo la kijukwaa ambalo mwongozaji wako angelipenda. Sophocles alitumia waigizaji watatu tu wenye kusema, kila mmoja akibadili vinyago. Katika onyesho la Mkorintho waliopo ni Oedipus, Jocasta na Mkorintho. Jocasta anaondoka, wale wawili wanabaki, halafu anaingia mchungaji. Hesabu mwenyewe: aliyemwigiza mchungaji hana budi kuwa ni yule yule aliyemwigiza Jocasta. Kwa hiyo Oedipus anapouliza, "Ni yeye aliyekupa?" na mzee akajibu, "Naam, bwana," koo inayojibu ni ile ile iliyokuwa ya mama. Aliyemtoa mtoto na aliyempokea wamesimama ndani ya mwili mmoja. Watazamaji wa Athens huenda waliisikia sauti hiyo nyuma ya kinyago. Nyinyi mna waigizaji wa kutosha, lakini muombe dada anayemwigiza Jocasta mkae pamoja jioni moja, mjifunze namna moja ya kushusha pumzi.

Na mikono. Ukiniuliza uanzie wapi kuujenga mwili wa mzee huyu, sitakwambia mgongo uliopinda wala bakora. Anza na mikono. Ilipokea kichanga. Ilimpa rafiki kichanga hicho. Ilikimbia bila kitu penye njia panda. Iligusa mkono wa malkia. Mwisho inasokotwa nyuma kwa amri ya yule yule aliyewahi kubebwa nayo akiwa hajatimiza siku tatu. Oedipus ana miguu, jina lake lenyewe ni miguu. Mzee wako hana hata jina, ana mikono. Katika mazoezi yenu yajayo chukua kanga, uikunje iwe na uzito wa mtoto, utembee nayo chumba kizima. Kisha iweke chini, uingie jukwaani, uone kama mikono imesahau.

Mwanafalsafa Aristotle, katika karne ya 4 KK, aliitaja tamthilia hii kuwa mfano wa utambuzi bora kabisa, ule unaokuja pamoja na mgeuko wa mambo. Mgeuko huo unapitia kinywani mwako. Anapoulizwa kwa nini basi alimpa yule mzee wa Corinth, anajibu: kwa huruma, bwana. Nilidhani atampeleka nchi nyingine, kwao alikotoka. Kumbe alimwokoa kwa maangamizi makubwa kuliko yote. Kama wewe ndiye amsemaye huyu, basi jua ulizaliwa na mkosi.

Usimlilie Oedipus unapomaliza maneno hayo. Mtazame. Tangu ulipompa mtu kichanga kile hujapata kukitazama usoni ukijua ni chenyewe, na hii ndiyo nafasi yako pekee, kwani punde atakimbilia ndani na akitoka atakuwa ameyatoboa macho yake. Hakuna anayekwambia uende. Maandishi hayasemi mzee anatoka lini wala anakwenda wapi. Mfalme anapiga ukelele, anaingia, na wazee wa mji wanaanza wimbo wao. Mwombe mwongozaji akuachie pumzi mbili au tatu peke yako pale, mikono imefunguliwa, kabla hujaanza kutafuta njia ya kurudi malishoni.

Tafsiri ya Kiswahili ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode, itakufaa kwa mdundo hata kama kikundi chenu kinatumia nyingine. Mkipanga siku ya kuonyesha, nijulishe mapema nipate kutafuta basi la kuja Malindi.